Biashara ya kimataifa na Kifaransa, mwaka wa tatu unatumwa nje: inafaa ama nibaki Nakawa tu?

Mtoto_wa_Arua

Wadau habari zenu. Mimi nimemaliza S6 (kidato cha sita), nilifanya MEG (hesabu, uchumi na jiografia) na ICT, pointi ziko sawa, na saa hii niko vac, nasubiri chuo, hapa Arua, Uganda, namsaidia mzee dukani, tunauza simsim, maharage na kahawa kidogo yenye inatoka upande wa Zombo. Sasa shida yangu ni hii. Kuna chuo kimoja Uingereza kimenipa ofa ya digrii ya biashara ya kimataifa na Kifaransa. Ni miaka minne, miwili ya kwanza uko kwao, mwaka wa tatu wote unatumwa Ufaransa, ama unasoma kwenye chuo chenye wanashirikiana nacho ama unafanya kazi kwa kampuni, alafu unarudi kumalizia wa nne. Wanasema hata kama hujui Kifaransa unaanzia sufuri, wao watakubeba.

Karo ni pauni 17,000 kwa mwaka, ukipiga kwa shilingi ni milioni 80 na kitu, na hapo hujakula wala hujalala. Mzee anasema ploti yake moja anaweza kuiuza. Mama hataki hata kusikia hiyo habari, juzi ameacha chai mezani akatoka.

Njia nyingine ni Bachelor of International Business pale MUBS, chuo cha biashara cha Makerere hapo Nakawa, Kampala, miaka mitatu, na jioni naenda kusoma Kifaransa Alliance Française hapo Kampala. Bei haifanani hata kidogo. Lakini najiuliza, lugha ya jioni jioni inaweza kufika wapi kama hujawahi kuishi na watu wenyewe? Alafu mjomba wangu naye amekuja na yake, ati Kifaransa cha nini, Kichina ndio mpango mzima.

Mimi Kiswahili na Kilugbara ni vya nyumbani, Lingala nasikia kidogo ya sokoni. Naomba wenye mmepita hizo njia mniambie ukweli, huo mwaka wa nje unasaidia kitu kweli ama ni ya kupigia picha?

Kliaringi_Mpondwe

Mdogo wangu karibu. Mimi sijasoma Ulaya, nafanya kliaringi, yaani kupitisha mizigo ya watu forodhani, hapa Mpondwe mpakani na Congo, kwa hivo nitakwambia chenye naona kila siku.

Lori likitoka Kampala na saruji ama mabati ama sabuni likafika hapa, kuanzia dereva, wapagazi, mabroka mpaka mama wa chapati, wote wanaongea Kiswahili. Tajiri wa Butembo mwenyewe anakupigia WhatsApp kwa Kiswahili, mnabishana bei kwa Kiswahili, mnacheka. Sasa lori livuke liingie Kasindi, upande wa Congo. Kule forodha ni DGDA, ukaguzi wa bidhaa ni OCC, na karatasi zote kuanzia hapo ni Kifaransa tupu. Mdomo ni Kiswahili, karatasi ni Kifaransa, na kesi ikitokea inaamuliwa na karatasi.

Nikupe mfano. Kuna mzigo wa unga uliloa njiani, mvua ya huku unaijua. Muuzaji wa Kampala anasema mimi nimefikisha mpaka border, hasara ni yako. Mnunuzi anasema tulikubaliana mpaka Beni. Kwa simu ni kweli waliongea vitu viwili tofauti, lakini mkataba ulikuwa na kurasa tatu za Kifaransa na yule wa Kampala aliusaini bila kujua kuna mstari unasema yeye ndiye anabeba hatari mpaka godauni ya mnunuzi. Amelipa. Toka siku hiyo bosi wake anamlipa mwalimu mmoja wa ng'ambo ya mpaka amsomee kila karatasi kabla hajaweka sahihi, na huyo mwalimu hajui biashara hata chembe, anasoma tu maneno! Sasa jiulize mtu mwenye anajua vyote viwili angekula kiasi gani hapa.

Kwa hivo Kifaransa kiko na kazi, mjomba asikudanganye. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 na bado Kifaransa ndio lugha ya ofisi zao. Lakini Kifaransa chetu sisi sio cha Paris, ni cha Butembo, Bunia, Kisangani. Kwa hicho sioni sababu ya kuuza ploti. Nenda Nakawa, soma Kifaransa chako ufanye mtihani wa Kifaransa unaitwa DELF mpaka kiwango cha B2, cha mtu wa kujitegemea kwa lugha, na likizo zako uje mpakani ukae na makaratasi.

Usalama siwezi kukudanganya, barabara ya Kasindi kwenda Beni sio ya kuchezea, na Goma na Bukavu toka 2025 ni habari nyingine kabisa. Kuna wenye wanapendekeza uende kuzoea lugha Bujumbura, Kifaransa cha ofisini kipo na Kiswahili cha mtaani kipo, ila Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda 2024 kwa hivo usishangae ukiambiwa uzungukie Tanzania.

Dada_wa_LeHavre

Nimesoma kozi ya aina hiyo hiyo, Uingereza, chuo sitaji, mwaka wa tatu nilikuwa Ufaransa. Ngoja nimjibu huyu mtoto kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanauliza na wanajibiwa na maajenti.

Kwanza elewa kozi yenyewe. Sehemu kubwa ni biashara ya kawaida kabisa, uhasibu, masoko, uchumi, usimamizi wa ugavi, yale yale yenye utayapata Nakawa. Lugha kwa kawaida ni kama robo ama theluthi ya masomo. Wa sufuri wanakimbizwa mbio, mwaka wa kwanza unajifunza kujitambulisha na mwisho wa mwaka wa pili unatakiwa ukae kwenye lekcha ya sheria za biashara na Wafaransa. Wengi wanafika huko Septemba hawasikii kitu, Krismasi wanaanza kusikia, Aprili wanaanza kujibu. Ndio maana mwaka wa nje sio wa picha. Bila huo mwaka ile robo ya lugha ingekuwa imepotea bure.

Mimi nilisoma semesta moja, ya pili nikafanya stage, yaani mafunzo kazini, kwa kampuni ya kusafirisha mizigo Le Havre, bandarini, kahawa na vitu vingine. Kazi yangu kubwa ilikuwa simu. Kontena liko wapi, kwa nini limeshikwa, B/L, ile karatasi ya mzigo ya meli, imeandika magunia idadi hii na forodha wanasema nyingine. Darasani mwalimu anaongea polepole anakuangalia usoni, kwenye simu mtu wa yadi anatafuna sandwichi, upepo unapiga, anataja namba za kontena herufi nne na tarakimu saba kwa pumzi moja na hatarudia mara ya tatu. Namba za Kifaransa kuanzia sabini kwenda juu waliziweka kututesa. Nilikuwa naandika mkononi, kwenye kikaratasi cha bahasha, popote. Lakini baada ya hapo hakuna mtu wa kunitisha na Kifaransa, na hicho ndicho kinaniweka kazini mpaka leo.

Jua pia stage ya Ufaransa haiendi kwa mdomo, lazima kuwe na mkataba wake wenye sahihi ya chuo, kampuni na wewe, na ikizidi miezi miwili kampuni inalazimika kukulipa kitu. Ni kidogo, kodi ya nyumba haimalizi, lakini ipo.

Sasa upande wenye hawakuambii, pasipoti yetu. Mwenzako Mwingereza, toka nchi yake itoke Umoja wa Ulaya, anaomba visa moja tu, ya Ufaransa. Wewe unaomba visa ya Uingereza kwanza, unaonyesha pesa ya kuishi ya miezi tisa ambayo nje ya London sasa ni kama pauni 10,500, imekaa akaunti siku 28 mfululizo, na ile ada ya afya ni pauni 776 kwa kila mwaka na unalipa yote kwa mkupuo kabla hujapanda ndege, kwa miaka minne ni zaidi ya pauni 3,000. Alafu ukifika mwaka wa pili unaanza upya kuomba visa ndefu ya Ufaransa, na ukishaingia lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu. Na uliza chuo swali hili kwa maandishi: nikiwa Ufaransa mtaendelea kunidhamini kwenye visa ya Uingereza? Kama mwaka wa nje ni sehemu ya kozi toka mwanzo huwa wanaweza, kama uliongeza baadaye unaweza kujikuta unaomba visa upya kurudi mwaka wa nne. Uliza pia karo ya mwaka huo. Utasoma sehemu eti mwaka wa nje unalipa asilimia 15 tu, hicho ni kikomo cha wanafunzi wa nyumbani kwao England, sisi kila chuo kina bei yake. Kuna pia mfuko wao wa kusaidia mwaka wa nje unaitwa Turing, ulianza 2021 walipotoka Erasmus+, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, waulize kama bado upo na kama wewe unaingia.

Nyumba Ufaransa mwenye nyumba anataka mdhamini mwenye mshahara wa huko huko. Sisi tutamtoa wapi? Kuna dhamana ya bure inaitwa Visale, ya vijana, na mwanafunzi mgeni mwenye visa anaruhusiwa, iombe kabla hujaanza kuzunguka na masanduku.

Alafu kuna kitu naona hujakifikiria. Kama shabaha yako ni Kifaransa na biashara, kwa nini upitie Uingereza? Yunivasiti za serikali Ufaransa zinamtoza mgeni asiye wa Ulaya chini ya euro 3,000 kwa mwaka kwa licence, yaani digrii ya kwanza, hiyo ni kama milioni 12 za kwetu, na nyingine zinapunguza hata hapo. Pesa ya kuishi ya kuonyesha kwenye visa ni euro 615 kwa mwezi. Na wana kozi inaitwa LEA, ni lugha mbili za kigeni kwa uzito sawa pamoja na sheria, uchumi na usimamizi, na stage ndani yake. Kingereza unacho tayari, unachukua Kingereza na Kiarabu au Kihispania au Kichina, na Kifaransa unakipata kwa sababu ndicho unachoishi nacho. Miaka mitatu yote ni mwaka wa nje, bei ni chini ya mwaka mmoja wa karo ya Uingereza! Mlango wake ni Kifaransa cha B2 kabla hujafika, hapo ndipo watu wanaishia.

Mzee_Kikuubo

Mimi nasoma tu nashangaa. Milioni 80 mara nne na vijana wanauliza kama inafaa. Mwanangu hiyo pesa ukiniletea hapa Kikuubo, kwenye maduka ya jumla Kampala, nakuwekea duka na kontena mbili na mwaka wa nje utakuwa Guangzhou, China, unaenda unarudi. Digrii mtu anasoma hata akiwa na miaka 40.

Dada_wa_LeHavre

Mzee, na kontena la kwanza likishikwa Mombasa nani atamsaidia, wewe?

Mzee_Kikuubo

Nitamsaidia ndio, kwa komisheni 😂

Yiwu_mpaka_Kampala

Mjomba ametajwa, Kichina kimetajwa, Guangzhou imetajwa, basi nami niingie.

Mimi nilienda China kwa skolashipu ya serikali yao. Inalipa karo, hosteli, na posho ya yuani 2,500 kwa mwezi kwa mtu wa digrii ya kwanza, umri usizidi 25. Mwaka wa kwanza wote ni Kichina tu, hakuna biashara, asubuhi mpaka saa sita, kusoma herufi, kuandika herufi, kuota herufi. Usipopita kiwango cha HSK, mtihani wao wa Kichina, wanachotaka huendi mbele. Alafu ndio unaingia darasani na Wachina wenyewe, kozi yangu ilikuwa uchumi na biashara ya kimataifa, na mwalimu haandiki ubaoni ili wewe mgeni uelewe, anaandika kama anavyoandikia mama yake. Kuna kozi za Kingereza pia kule, nyingi, lakini nimeona watu wamemaliza miaka minne kwa Kingereza wanarudi hawawezi kuulizia choo. Hiyo ni pesa ya watu imechezewa.

Faida yake niliiona Yiwu, mji wa soko la jumla kule China. Mfanyabiashara wetu anakuja anataka mabegi ya shule, ana siku chache na hajui kitu. Muuzaji anamwambia bei kwa kikokotoo, mnapatana, asilimia 30 mbele na 70 kabla mzigo haujatoka. Hapo wote wanaweza, hata bubu anaweza. Kazi inaanza baadaye, pale unaposoma oda imeandikwa uzito gani wa kitambaa, zipu ya aina gani, katoni moja ni kipimo gani, kwa sababu sampuli ulioshikishwa dukani na mzigo unaotoka kiwandani vinaweza kuwa ndugu wa baba tofauti. Ukimpigia bosi wa kiwanda kwa Kichina, ukamwambia mstari wa nne umesema hivi, anakusikiliza. Ukipiga kwa Kingereza anapokea binti wa mauzo anakutumia emoji.

Onyo moja, visa ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi hivi hivi bila chuo na wahamiaji kuidhinisha, na hiyo kazi ya ukalimani kwa wafanyabiashara ndiyo inawavuta vijana wetu wote. Wenye walishikwa nawajua, walipelekwa uwanja wa ndege na digrii ikaishia hapo.

Nimerudi, kazi zipo, Kapeeka kwenye viwanda, Mbale, lakini ujue wengi wanakutaka ukae katikati ya meneja na wafanyakazi utafsiri matusi ya pande zote mbili. Mimi nilitoka nikaanza kusaidia watu wa Kikuubo kuagiza. Kwa hivo Mtoto wa Arua, mimi sikwambii Kichina ni bora kuliko Kifaransa. Angalia duka la mzee wako. Mnauza mazao, mnauza kahawa, Mchina hanunui maharage ya Arua. Mpaka wa Vurra uko hapo, Ariwara ya Congo iko hapo. Kwa nyie Kifaransa kina njia fupi zaidi, mjomba aache.

Kama pesa ndio shida angalieni na Türkiye Bursları, skolashipu ya serikali ya Uturuki, maombi yanafungwa Februari, wanakupa mwaka wa Kituruki kabla ya digrii. Na Algeria inachukua Wauganda kwa skolashipu kupitia wizara ya elimu, ukifika unaanza na lugha, na kwa wengi waliotangulia hiyo lugha imekuwa Kifaransa.

Mtoto_wa_Arua

Aisee sikutegemea majibu ya hivi, Mungu awabariki wote hata mzee wa komisheni. Nimemsomea baba maneno ya huyo wa Mpondwe, ile ya unga kuloa, amenyamaza muda mrefu alafu akaniambia kuna karatasi ya Ariwara ya mwaka jana iko droo, hajui inasema nini mpaka leo. Nimeipiga picha, Dada naweza kukutumia inbox?

Swali langu sasa, kama nataka hiyo LEA, naanzia wapi na itachukua muda gani? Na hii ofa ya Uingereza niikatae ama?

Dada_wa_LeHavre

Tuma, nitaisoma jioni.

Ofa usiikatae, waandikie waisogeze mwaka mmoja, vyuo vingi vinakubali, ila usilipe dipoziti kabla hawajakujibu kwa maandishi. Maajenti watakusukuma ulipe, wao wanakula hapo.

LEA usijidanganye ni mwaka huu. Maombi ya mwaka wa kwanza kwa wenye wanahitaji visa hufunguliwa Oktoba na kufungwa katikati ya Desemba, kwa kuanza Septemba inayofuata, na wanataka cheti cha Kifaransa. Kutoka sufuri mpaka B2 ni masaa 500 mpaka 600 ya darasani, na ya kujisomea juu. Ukiwa na madarasa ya jioni piga mwaka mmoja na nusu mpaka miwili kama hulegei. Kwa hivo ingia Nakawa sasa hivi, soma, na Kifaransa pembeni. Ukifika B2 ukiwa mwaka wa pili utaamua mwenyewe, uhamie licence kule ama umalize digrii yako uende kwa master, ya serikali kwa mgeni ni kama euro 4,000 kwa mwaka. Mimi ningemaliza kwanza. Master unaingia na akili ya mtu mzima na stage za master ndizo zinaajiri.

Vyeti vya mitihani vya UNEB vithibitishe mapema, foleni yake unaijua, na chochote utakachosomea nje hakikisha NCHE, baraza letu la elimu ya juu, wanakitambua kabla hujalipa hata mia.

Kliaringi_Mpondwe

Na kabla chuo hakijafungua kuna muda hapo, njoo Mpondwe wiki kadhaa, mshahara sina lakini chakula na pa kulala vipo, na faili za Kasindi zimejaa utasoma mpaka uchoke. Ama nenda Vurra hapo karibu na nyumbani uombe kliaringi yeyote, kazi ni ile ile.

Mtoto_wa_Arua

Nakuja mkuu. Ploti haiuzwi, mama ameshaanza kuongea na watu tena. Sasa mwenye anajua hosteli za karibu na MUBS zenye hazitanimaliza anijulishe, Nakawa penyewe nasikia bei zimepanda.

Yiwu_mpaka_Kampala

Angalia Banda ama Kireka, unapanda taksi ama unatembea asubuhi. Uliza kwanza kama maji na umeme viko ndani ya kodi, na usilipe semesta nzima kwa mtu mwenye umeongea naye kwa simu tu.